Sitara Inamfunika Nani?

 

Nimeombwa nizungumzie ukatili anaofanyiwa mwanamke kwa jina la heshima ya ukoo: kupigwa, kufungiwa ndani, kuozwa kwa nguvu, na mwisho wake kuuawa, kwa kuwa kuna jambo amelifanya, au amesingiziwa, au amefanyiwa, na jambo hilo limeonekana kuwatia aibu watu wa kwao. Nilipomtajia ndugu yangu mmoja mada hii alinijibu papo hapo: "Dada, hilo si letu. Hilo la Wapakistani." Sikubishana naye. Nimeamua tu kwamba leo nitaanzia mbali kuliko alivyofikiri, nitaanzia Ulaya kwa Wakatoliki, tuone tutafikia wapi.

Alcamo ni mji wa mizabibu, magharibi ya kisiwa cha Sicily, Italia. Tarehe 26 Desemba 1965 genge la vijana zaidi ya kumi wenye silaha lilivamia nyumba ya mkulima mmoja, Bernardo Viola, likamchukua binti yake Franca, msichana wa miaka 17. Aliyeliongoza, Filippo Melodia, aliwahi kuwa mchumba wake. Uchumba ule wenyewe watu wa msichana waliuvunja walipojua kijana ni mwizi na ana jamaa katika mafia. Melodia alimficha Franca siku nane, akambaka, kisha akatulia kungoja. Mnajua alikuwa anangoja nini? Alikuwa anangoja kuoa.

Msimdhanie mwendawazimu. Alikuwa anaijua sheria ya nchi yake. Kifungu cha 544 cha kanuni ya adhabu ya Italia, ile ya mwaka 1930, kilisema mbakaji akimuoa aliyembaka basi kosa limefutika, na waliomsaidia nao wamesalimika. Kulikuwa na kifungu kingine cha jamii hiyo hiyo, cha 587: mwanamme aliyemfumania mke, binti au dada yake akamuua kwa hasira ya heshima iliyovunjwa, alifungwa kati ya miaka 3 na 7. Muuaji wa kawaida alikuwa hapungukiwi miaka 21. Ndoa ile ya mbakaji Wataliano waliiita ndoa ya kurekebisha. Sisi huku tuna maneno yetu. Tunasema: "Aolewe, asitirike."

Mmeona? Hatukuchukua hata dakika kumi kufika nyumbani.

Sasa naomba tukae kidogo na yule baba, maana katika mambo haya akina baba hutajwa kwa ubaya, na huyu hakuwa mbaya. Watu wa upande wa Melodia walimwendea wakitaka suluhu, ile ya familia mbili kukaa pamoja na kupanga siku ya harusi. Bernardo akaitikia. Alikuwa ameshapatana na polisi, na tarehe 2 Januari 1966 wakaivamia nyumba alimofichwa msichana. Inasimuliwa kwamba alimuuliza binti yake anataka nini. Binti akasema yule mtu hamtaki. Mzee akamjibu, wewe weka mkono mmoja, mimi nitaweka mia. Waliyalipia maneno hayo. Mizabibu yao ilitiwa moto, na banda lao, na watu wa mji wakawakimbia kama wenye ukoma. Lakini kesi ilifika mahakamani Trapani, na Desemba 1966 Melodia akahukumiwa miaka 11, iliyopunguzwa ikawa 10 kwa rufaa. Mwaka 1968 Franca aliolewa na kijana wa hapo hapo kwao, kwa ridhaa yake. Rais wa nchi akawapelekea zawadi, na Papa Paulo wa Sita akawapokea. Vile vifungu viwili vilikuja kufutwa mwaka 1981, yaani sheria ilimfuata msichana yule kwa nyuma, ikichechemea, miaka 15.

Mimi nimeisoma kesi hiyo mara nyingi na kila mara linanishangaza jambo moja. Melodia hakuzitegemea bunduki. Bunduki zilifanya kazi ya siku moja. Alivyovitegemea ni vinywa vya watu wa Alcamo. Alijua kwamba majirani wataimaliza kazi aliyoianza: watamtazama msichana, watamtazama baba, watanong'ona sokoni na kanisani, mpaka baba mwenyewe aende kubisha hodi kwa mbakaji na kumwomba amchukue. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa kwa mtu mmoja.

Tuna neno zuri katika lugha yetu, sitara. Mtu akikutana na aliye uchi akavua nguo yake kumfunika, huyo amemsitiri. Tunaombeana dua: Mungu akusitiri. Lakini angalieni tunavyolitumia neno hilo msichana anapoingiliwa kwa nguvu, tena mara nyingi na mtu wa karibu, ami au mjomba au jirani anayetumwa dukani. Tunaambiana, jambo hili lisitirike. Hapo nguo ameshavuliwa msichana, na sisi tunaivuta tujifunike wenyewe: jina la baba, sura ya mama msikitini na harusini, posa za dada zake wadogo. Yeye tunamwacha na baridi.

Na mahali ambapo nguo ya kujifunika haitoshi, ndipo wanapoua.

Nije sasa kwa Wapakistani wa ndugu yangu. Mwaka 2016, mwezi wa Julai, mjini Multan, Qandeel Baloch aliuawa usingizini na kaka yake. Alikuwa mwanamke aliyejipatia umaarufu kwa video zake za mitandaoni, nyingine za utani, nyingine za kuwaudhi watu makusudi. Kaka alipokamatwa aliwaambia waandishi wa habari kwamba haoni haya kwa alilolifanya. Baba yao naye akawaambia waandishi kuwa marehemu ndiye aliyekuwa akiwalisha wote, akiwamo kaka aliyemuua. Yaani kijana alikula kwa jasho la dada yake miaka na miaka bila kuona aibu. Aibu aliiona aliposikia watu wanasema.

Tangu mwaka 1990 sheria ya Pakistani iliwapa warithi wa aliyeuawa uwezo wa kumsamehe muuaji. Kwa ugomvi wa koo mbili jambo hilo lina hekima yake. Lakini mkiiingiza nyumbani hekima hiyo inageuka: muuaji ni mtoto wa nyumba, msamehevu ni baba wa nyumba, mdai na mdaiwa wanakula sinia moja. Baada ya kifo cha Qandeel, Oktoba 2016, bunge likaibadilisha sheria: aliyeua kwa kisingizio cha heshima, hata akisamehewa, afungwe maisha. Kaka yule alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2019. Februari 2022 mahakama ya rufaa ikamwachia. Alikuwa amelikana ungamo lake, na mama alikuwa ameshasamehe. Sheria iliyoandikwa kwa damu ya dada haikumfunga kaka yake.

Silisemi hili kuwavunja moyo wanasheria walioko hapa. Nalisema kwa sababu kila tukikaa kwenye vikao hivi tunatoka na maazimio mawili, sheria kali na elimu. Sheria mmeiona. Elimu nayo? Nimekula chaki muda mrefu, siwezi kuidharau. Lakini Aprili 1999, mjini Lahore, msichana mmoja aliyekuwa akidai talaka kwa mume aliyempiga alikubali kuonana na mama yake, mama peke yake, katika ofisi ya wakili Hina Jilani. Mama akaja na mwanamme, akasema anamshikilia kwa kuwa hawezi kutembea vizuri. Mwanamme huyo akatoa bastola akampiga msichana kichwani. Mama alikuwa daktari. Baba alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Peshawar. Na baraza la Seneti lililojaa wasomi likakataa kupitisha hata azimio la kulaani. Waliotishiwa maisha baadaye ni Hina Jilani na dada yake, Asma Jahangir, kwa kosa la kumpa msichana mahali pa kukaa.

Wapo watakaosema haya ni ya dini. Mashekhe mko mbele yangu, mtanisahihisha nikikosea. Katika Surat An-Nur, anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi na asilete mashahidi wanne anapigwa bakora themanini, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Na mume anayedai amemwona mkewe kwa macho yake, asiwe na shahidi, amepewa nini? Amepewa kiapo. Anaapa mara nne, ya tano anajilaani kama ni mwongo. Mke naye anaapa kama hivyo, adhabu inamwondokea. Kiapo, mbele ya kadhi, kwa pande zote mbili. Kisu hakimo. Baba hana kisu, kaka hana kisu, mjomba hana kisu. Sijasikia hotuba nyingi za Ijumaa zikikaa juu ya aya hizo kwa jicho hili, na ningependa kuzisikia.

Hata vifungu vya sheria vilivyowapunguzia adhabu wauaji huko Jordan havikutoka kwa masahaba. Vilipitia kanuni ya Waosmani ya mwaka 1858, nayo ilinakiliwa kutoka kanuni ya Napoleon ya mwaka 1810, ambayo ilimpunguzia adhabu mume aliyemuua mkewe kwa kumfumania nyumbani kwake. Ufaransa walikifuta kifungu hicho mwaka 1975 tu. Waingereza nao walikuja na lao la hasira za ghafla, wakaliandika katika kanuni ya India ya mwaka 1860, na kanuni hiyo ikavuka bahari ikatumika huku kwetu. Mpaka leo vitabu vya sheria vya Tanzania na Kenya vina kifungu cha kuua kwa kuchokozwa, kinachoweza kuligeuza kosa likawa kuua bila kukusudia.

Fungueni gazeti. "Amuua mkewe, kisa wivu wa mapenzi." Mwandishi ameandika mistari sita na ameshamaliza kazi ya wakili wa utetezi. Wivu umetajwa kama mvua iliyonyesha. Marehemu alikuwa anataka kuondoka? Alikuwa ameshakwenda kwa balozi wa nyumba kumi mara ngapi? Hatuambiwi. Umoja wa Mataifa ulikisia kuwa mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wenza wao au jamaa zao, wastani wa 140 kila siku, na Afrika ndiyo iliyoongoza kwa idadi, 21,700. Wangapi kati ya hao waliuawa kwa ajili ya heshima? Itategemea nani anaandika jina la sababu. Huko wanaita heshima, huku tunaita wivu. Aliyeoshwa na kuvishwa sanda ni yule yule. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Waosha wa kike wa visiwa hivi wanajua mengi ambayo daktari hakuyaandika.

Turudi Zanzibar kabisa. Ilikuwapo sheria hapa, ya mwaka 1985, ambayo jina lake lilisema inawalinda wanawake wasio na waume. Kwa sheria hiyo ya kulinda, msichana asiyeolewa akipata mimba aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Ilidumu miaka 20, ikabadilishwa mwaka 2005. Wenye umri wangu tunawakumbuka watu walioipigia makofi. Tulikuwa tumechukua heshima yote ya shehia, ya wanaume na wanawake, wazee na vijana, tukaitundika kwenye tumbo la mtoto mmoja, kisha tukalipeleka tumbo hilo jela.

Na tuna muhali. Mgeni akiniuliza muhali ni nini hunipa taabu kumweleza: ni kule kushindwa kumwambia mtu jambo kwa kuwa tunafahamiana, tunazikana, mtoto wake alimwoa binti wa mjomba wangu. Muhali ni mzuri kwenye deni la mchele. Kwenye kesi ya kubaka, muhali ndio unaomfanya shahidi asifike mahakamani siku ya tatu. Huku Zanzibar tumefungua mahakama maalumu za udhalilishaji mwaka 2021, tuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini, polisi wana dawati la jinsia na watoto. Milango ipo. Ila mtu anatoka nyumbani asubuhi na mtoto, anaufikia mti wa kona, pale wamekaa wazee wanne, wanamuuliza: "Unakwenda kuvunja udugu?" Anarudi. Kaskazini mwa Kenya wenzetu wana maslaha. Wazee wanakaa, ngamia wanahesabiwa, familia zinapeana mikono, na msichana mara nyingi haitwi hata kuulizwa. Majina tofauti, mkeka mmoja.

Kwa hiyo mkiniuliza jamii izuie vipi, nitaanza na mti wa kona. Wazee wale wanne wana nguvu kuliko hakimu, kwa sababu wanamkuta mtu kabla hajaamua. Sheha akipelekewa jambo la kubaka au la vitisho vya kuua, halina usuluhishi, halina kahawa, ni la kupelekwa mbele siku hiyo hiyo. Kadhi na anayefungisha ndoa wamuulize binti ridhaa yake peke yake, chumba kingine, si mbele ya ami zake saba, maana hapo hata kunyamaza kwake kunaweza kuwa ni hofu. Walimu tunajua msichana anapoanza kubadilika karibu na likizo. Tuulize. Na wavulana wetu, tunapowaambia "mlinde dada yako," tunawafundisha ulinzi au upelelezi? Nimewaona watoto wa darasa la tano wakiwaripoti dada zao kwa baba kana kwamba ni kazi ya mshahara.

Kuna kosa moja la kuliepuka, la kumgeuza anayetishiwa kuwa ndiye mkosaji, ambalo limeua hata penye polisi wenye mafunzo. Kusini mwa London, msichana Mkurdi wa miaka 20, aliyemkimbia mume aliyeozwa akapendana na mwanamme mwingine, alikwenda polisi mara kadhaa. Alipeleka mpaka barua yenye majina ya watu aliohofia watamuua. Mkesha wa mwaka mpya wa 2006 baba yake alijaribu kummaliza. Akavunja dirisha kwa mikono, akakimbilia watu. Askari aliyemhoji akamwona mwongo mwenye kujitia, akafikiria kumshitaki kwa lile dirisha. Januari 2006 akatoweka. Maiti ilipatikana miezi mitatu baadaye, imezikwa katika sanduku la safari, mjini Birmingham. Majina yalikuwa katika barua. Kwa miaka mingi Jordan nako, msichana akitishiwa na ndugu zake, serikali ilimweka yeye gerezani kwa usalama wake, na waliomtishia wakalala kwao. Nyumba ya kuwahifadhi waliotoka humo ilifunguliwa mwaka 2018. Basi askari wa dawati, mkijiwa na msichana anayesema kwetu wataniua, msimwite baba aje mpatane. Msitumie kaka yake kuwa mkalimani. Msimrudishe kwa ahadi ya mdomo. Andikeni majina, na mumtafutie pa kulala usiku huo.

Nimalizie na kisa cha nyumbani, na mama zangu watanisamehe kwa kukitoa nje.

Nilipokuwa mdogo, harusi zetu zilikuwa na asubuhi ya kisarawanda. Wanawake wa pande mbili walikaa ukumbini wakingoja mlango ufunguke na kitambaa kitolewe. Nakumbuka kimya kile kuliko ngoma yenyewe. Mama wa bibi harusi alikuwa hanywi chai. Kisha mlango ukafunguka, kungwi akatoka na kitambaa mkononi, vigelegele vikapigwa, na mama yule ndipo alipoomba maji.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mtu mzima, kungwi yule alikuwa kizee wa kukaa barazani. Sikuipenda desturi ile na siitaki irudi, na nilimwambia hivyo. Nikamuuliza: "Bibi, umetoa vitambaa vingapi?" Akasema hakumbuki, vingi. Nikamuuliza: "Na kilichotoka safi?" Akasema hakuna. Hata kimoja? Hata kimoja. Nikamwambia bibi, mimi nimesoma, mwili wa mwanamke hauko hivyo, wapo wasiotoka damu hata kama hawajaguswa, na wapo waliofanyiwa mambo utotoni na hawana pa kusemea. Akaniangalia kwa muda, akitafuna tambuu yake.

"Mwanangu," akasema, "uani kulikuwa na kuku wengi."